Shavu la Kushoto la Mama Kijino

Hadithi yangu iko mlangoni.

— Ifungulieni iingie.

Imekuja na nini?

— Na miguu minne na mkia.

Imekula?

— Haijala. Na sisi hatujala.

Haya, basi tutakula wote. Lakini mikono isilale, jamani. Gunia hili la karanga lazima liwe limemenywa kabla jua halijashuka nyuma ya paa la jirani, na wewe Nkwimba nimekuona, unamenya mbili unakula tatu. Wewe ni mama wa mtu sasa, mwanao yule anacheza hapo nje, lakini mdomo wako bado una miaka saba. Nisikilize vizuri, maana hadithi hii inakuhusu kuliko unavyofikiri.

Hapo kale, wakati wanyama walikuwa wakipiga majungu kama sisi tu, aliishi Panya Buku mmoja. Panya buku mnamjua, yule mkubwa karibu na paka, mwenye mkia mrefu wenye ncha nyeupe. Mungu alimpa mfuko ndani ya kila shavu. Akiokota kitu hakili papo hapo. Anakitia shavuni, anaokota kingine, shavu linavimba, linavimba, mpaka anatembea kama mtu anayeumwa jino. Ndipo anarudi nyumbani. Huyu wa kwetu alikuwa mama wa mtoto mmoja wa kike, jina lake Kijino, kwa hiyo majirani walimwita Mama Kijino, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Baba Kijino alikuwapo, tena alikuwa mtu wa furaha. Akipata alikula, asipopata aliimba. Kuweka kitu cha kesho hakujua. Jioni akirudi alisimama mlangoni mwa shimo lao na kuimba:

"Nani yuko ndani, nani yuko ndani?"

Mke na mtoto wakamjibu kwa wimbo kutoka ndani, ndipo akaingia. Kila jioni hivyo. Halafu jioni moja hakurudi. Alikanyaga mtego wa waya kwenye shamba la mihogo, ukawa ndio mwisho wake. Kiangazi kilipoingia, Mama Kijino alitazama huku na huku ndani ya shimo hakuona hata punje. Alichimba mizizi mpaka kucha zikaisha. Mtoto alilia njaa siku nyingi, halafu akaacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikomtisha mama yake zaidi. Kijino alipona, lakini ilibaki kidogo sana asipone.

Mvua za kwanza zilipoanguka, Mama Kijino alisimama katikati ya shimo tupu akaapa. Alisema, "Mwanangu hatalia njaa tena. Hata kama itabidi nife nimesimama."

Akajiwekea utaratibu wake. Shavu la kulia, la mtoto. Shavu la kushoto, la akiba. Na yeye mwenyewe je? Yeye alikula kilichobaki katikati, chini ya ulimi. Alfajiri anatoka, anapita shamba hili, anapita shamba lile, anaokota karanga zilizosahauliwa na wavunaji. Moja kulia, moja kushoto. Moja kulia, moja kushoto. Shavu la kulia alilimwaga mbele ya mtoto. Shavu la kushoto halikuguswa, hata tumbo likimkatika kwa njaa.

Jirani yao alikuwa Ngiri, mwenye shimo kubwa chini ya kichuguu. Ngiri alikuwa mnene, ana nguvu, ana meno mawili yaliyopinda kama mpini wa mwavuli, na masikio yake yalisikia mbali kama kuna mtu ana chakula. Siku moja akaja kupiga hodi.

"Hodi hapa, Mama Kijino."

"Karibu, Bwana Ngiri. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia unaweka akiba. Ni jambo zuri, limenifurahisha. Lakini hebu tuambiane ukweli. Wewe ni mama peke yako. Mume huna. Fisi akija hapa mlangoni, nguchiro akija, utamzuia na nini? Na huo mkia?"

Mama Kijino akautazama mkia wake.

"Na shimo lako lenyewe bichi," Ngiri akaendelea, akinusa. "Karanga humu zitaota majani. Lete kwangu. Kwangu pakavu, na mlinzi ndiye huyu unayemwona. Kiangazi kikifika unakuja unachukua zote."

"Na malipo ya ulinzi ni kiasi gani?"

"Malipo? Sisi si majirani?"

Mama Kijino alifikiri siku mbili. Hakumpenda sana Ngiri, lakini yale maneno yalimwingia. Wewe ni mama peke yako. Kila mtu alikuwa akimwambia hivyo, na jambo likisemwa na wengi mtu huanza kulisema mwenyewe. Siku ya tatu akabeba shavu lake la kushoto akaenda.

Sasa lazima niwaeleze jinsi Ngiri anavyokaa, maana hadithi yote imelala hapo. Ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Anaanza na makalio. Anarudi nyuma taratibu, sa, sa, sa, mpaka ameingia wote, na meno yake yanabaki yanatazama mlango. Ndivyo walivyofunzwa na baba zao, kwamba adui asikukute umempa mgongo. Na akishaingia hawezi kugeuka, shimo limembana huku na huku. Kwa hiyo kilichoko mbele yake anakiona chote. Kilichoko nyuma yake anakijua kwa makalio tu. Nkwimba, usicheke, hata binadamu wapo wa hivyo.

Basi kila jioni ikawa hivi. Mama Kijino anafika, anainama, anatema karanga mlangoni, tu, tu, tu, tu.

"Zimefika," anasema Ngiri. "Naziweka."

Mama Kijino akigeuka kwenda zake, Ngiri anagawa. Nusu anazisukuma nyuma kwa miguu, kwaru, kwaru. Nusu anazitia kinywani, kachu, kachu. Kesho tena. Nusu nyuma, kwaru, kwaru. Nusu kinywani, kachu, kachu. Ile ya nyuma nayo alikuwa ameipangia. Alikuwa anaiweka aile kiangazi, yeye peke yake. Lundo likakua mpaka likafika makalioni, na Ngiri akawa anaegemea kama mzee kwenye kiti chake. Makalio yakigusa lundo, moyo wake unatulia.

Huku nyumbani, Kijino alikuwa anakua. Alikuwa mtoto wa maswali, na swali lake kubwa lilikuwa moja.

"Mama, baba alikuwa akiimba 'Nani yuko ndani', sisi tulikuwa tunajibu nini?"

"Mh," akasema Mama Kijino. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa, na mdomo uliojaa karanga hauimbi.

"Mimi nimesahau. Nakumbuka sauti tu, maneno sikumbuki."

Mama Kijino akazisogeza karanga kwa ulimi, akasema kwa shida, "Ghala likijaa, nitakuimbia wimbo wote." Akatoka, maana jua lilikuwa linashuka na Ngiri alikuwa anangoja.

Katikati ya masika Kijino akaumwa homa. Ilimshika siku nne, ikamwachia, ikamwacha mifupa mitupu. Na siku hizo mvua haikukatika, mashamba yote maji, hakuna cha kuokota. Mama Kijino akasema moyoni, kwani akiba ni ya nini kama si ya siku kama hii? Akaenda kwa Ngiri, mdomo mtupu.

"Bwana Ngiri, mtoto ameumwa. Naomba shavu moja tu katika zile zangu."

Ngiri akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikitika.

"Akiba haiguswi kabla ya kiangazi, Mama Kijino. Leo utachukua shavu moja, kesho mawili, keshokutwa huna kitu. Mimi nakufundisha nidhamu. Tatizo lenu ninyi mnaolea peke yenu, hamna mtu wa kuwaambia hapana."

"Mtoto amekonda."

"Atanenepa kiangazi."

Mama Kijino akamtazama. Kwenye ndevu za Ngiri, huku na huku mdomoni, palikuwa pamenata vipande vidogo vyekundu. Mnajua ni nini. Viko hapo kwenye mapaja yenu sasa hivi. Ni vile viganda vyekundu vya karanga, vile vyembamba ambavyo ukipuliza vinaruka.

"Umekula nini leo, Bwana Ngiri?" akauliza taratibu.

"Majani tu. Hali ni ngumu kwa kila mtu."

"Pole sana," akasema Mama Kijino. "Asante kwa kunifundisha."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele na meno yale? Alirudi nyumbani kwenye mvua, na siku ile alimpa Kijino hata kile cha chini ya ulimi. Halafu akakaa akajilaumu sana. Si Ngiri aliyemuuma zaidi. Kilichomuuma ni kwamba alizibeba mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, jioni baada ya jioni, akasema na asante.

Kesho yake alifanya mambo mawili. La kwanza, alipanda juu ndani ya shimo lake, mahali ambapo maji hayafiki, akachimba chumba kidogo akakitandika nyasi kavu. Kilikuwa kikavu kama kibao. Kwa nini hakukichimba tangu mwanzo? Kwa sababu aliambiwa peke yake hawezi, naye akaamini. La pili, alizunguka nyuma ya kile kichuguu cha Ngiri, akaanza kuchimba. Fuku, fuku, fuku. Ndani Ngiri anakoroma, khoooo, fyuuu. Fuku, fuku. Khoooo, fyuuu. Siku ya tatu pua yake ikatokea upande wa pili, na mbele yake lilikuwa lundo la karanga zake, na juu ya lundo, makalio.

Akajaza shavu, akatoka. Akarudi, akajaza, akatoka. Mara ya tatu lundo likazama kidogo, na makalio yakazama nalo. Kukoroma kukakatika.

"Mbona nyuma kunapwaya?" akasema Ngiri.

Mama Kijino akabana pumzi. Ngiri akirudi nyuma hatua moja tu, yeye angekuwa chapati. Akaukusanya ule udongo aliouchimba, akausukuma pole pole pale palipozama, kama anayemwekea mto mtoto aliyelala. Makalio yakapata pa kuegemea.

"Ahaa," akasema Ngiri. "Zipo." Akaendelea kukoroma.

Hapo ndipo Mama Kijino alipojua namna ya kazi yake. Kikitoka kitu, kiingie kitu. Udongo hubonyea, lakini kokoto za mtoni hazibonyei. Basi anakwenda mtoni, anajaza mashavu kokoto. Anaingia kwa nyuma, anatema kokoto, anachukua karanga. Anazipeleka ghalani kwake, anarudi mtoni. Na jioni, ili Ngiri asishtuke, bado anapita mlangoni na karanga chache.

"Siku hizi unaleta kidogo," Ngiri akalalamika.

"Mvua, Bwana Ngiri."

"Jitahidi. Hakuna anayeweka akiba kwa visingizio."

"Mh," akasema Mama Kijino.

Kwa mbele anaweka, kwa nyuma anachukua. Ngiri yuko katikati, ameelekeza meno yake mlangoni, anamlinda Mama Kijino asiibiwe na watu wengine wakati anajiibia mwenyewe. Mlinzi mzuri sana. Hata usingizini alikuwa anasema, "Zipo. Zipo."

Lakini hesabuni wenyewe hiyo kazi. Akienda, mdomo umejaa mawe. Akirudi, mdomo umejaa karanga. Akipita nyumbani, anapita amejaa. Masika yakaisha, mvua za rasharasha zikaja zikaondoka, na Mama Kijino bado anabeba. Ghala la juu lilikuwa linajaa, hilo ni kweli. Kijino alikuwa amenenepa, hilo nalo ni kweli. Mashavu yake yalikuwa yameota mifuko kama ya mama yake.

Siku moja mchana Mama Kijino alipita kuangalia ghala, yuko njiani kutoka mtoni, kokoto kumi na mbili shavuni. Kijino alikuwa amekaa mlangoni anamngoja.

"Mama, nimefikiri sana," akasema. "Tulikuwa tunajibu, 'Ni mvua, ni mvua'?"

Mama Kijino akatikisa kichwa.

"Tulikuwa tunajibu, 'Ni mimi na mama'?"

Mama Kijino akatikisa kichwa tena. Hapo alitaka kucheka na alitaka kulia, maana mtoto alikuwa amekaribia. Angeweza kuzitema. Kokoto kumi na mbili, tu, tu, tu, unazitema chini, unaimba mistari miwili, unaziokota. Haichukui hata muda wa kumenya kiganja kimoja cha karanga. Aliwaza hivyo, nawaambia, aliwaza kabisa. Lakini kule chini ya kichuguu alikuwa ameacha pamezama, na Ngiri hulala sana mchana ule. Akasema, "Mh," akamgusa Kijino kichwani kwa pua, akaenda.

Kijino alimtazama mpaka akapotea kwenye nyasi. Baada ya siku ile hakuuliza tena. Mama Kijino aliona kwamba hakuulizwa, akafikiri mtoto amekua, ameelewa. Akashukuru hata.

Kiangazi kikaingia. Nyasi zikawa njano, mto ukawa mstari. Ngiri akasema, sasa saa yangu imefika. Akatoka nje, akajinyoosha, akageuka, na kwa mara ya kwanza katika ukoo wao wote akaingia shimoni kwa kichwa. Akafumba macho kwa uroho. Akafungua mdomo mpana. Akauma.

Kacha.

Jino la kulia likabaki humo humo. Ngiri akatoka kinyumenyume kwa kasi ambayo haijaonekana tena, akaenda moja kwa moja kwa Mama Kijino, na kelele zake zikawatoa majirani wote nje.

"Mama Kijino, karanga zako zimegeuka mawe."

Mama Kijino alikuwa amekaa mlangoni pake, mdomo mtupu. "Umejuaje, Bwana Ngiri?"

"Si nimeziuma."

Majirani wakageuza shingo zao kumtazama Ngiri, na Ngiri akatamani lile jino lililobaki lingekuwa limemziba mdomo.

"Nilikuwa nazikagua," akasema.

"Kwa meno?"

"Kwa... kwa uangalifu."

"Asante kwa uangalifu," akasema Mama Kijino. "Mimi nilileta karanga, nilizitema mbele yako jioni zote, na mlangoni hakupita mtu, wewe mwenyewe ulikuwepo. Sasa endelea kuzilinda, Bwana Ngiri. Labda zitageuka tena. Akiba inataka nidhamu."

Majirani walicheka wakashika mbavu. Ngiri akarudi kwake, akaingia makalio mbele kama baba zake walivyomfunza, akaegemea zile kokoto. Mpaka leo yuko hivyo. Mpaka leo anaamini nyuma yake kuna kitu.

Hapo ndipo watu wengi huishia hadithi hii. Wanacheka, wanapiga makofi, wanakwenda zao. Mimi nami niliambiwa iishie hapo. Lakini ghala la Mama Kijino lilikuwa bado halijasemwa.

Lilijaa. Lilijaa mpaka mlangoni. Mama Kijino aliweka karanga ya mwisho juu kabisa kwa mkono wake, akarudi nyuma akalitazama, na machozi yakamtoka. Kiangazi kile na kingine, mtoto wake hangelia. Alikuwa amefanya peke yake, yeye aliyeambiwa hawezi. Mdomo wake ulikuwa mtupu, pande zote mbili, akahisi hewa inapita ndani kama nyumba iliyohamwa. Akakumbuka ahadi. Akateremka mpaka kwenye ule mstari wa maji, akanywa, akajaribu sauti. Ilikwaruza. Akajaribu tena. Maneno yalikuwepo yote, hakuna lililopotea.

Akarudi mpaka nyumbani. Hakuingia. Alisimama mlangoni pale alipokuwa akisimama mumewe, moyo unamdunda kama msichana, akaimba:

"Nani yuko ndani, nani yuko ndani?"

Akangoja. Ndani palisikika kitu kinachosogea, halafu sauti ikajibu.

"Mh."

Mama Kijino akainama akachungulia. Kijino alikuwa kwenye kona ya chini, amechimba kishimo chake kidogo, anakitandika nyasi kavu. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba vizuri. Alikuwa msichana mkubwa sasa. Mama yake hakujua amekuwa mkubwa lini.

"Mwanangu, ni mimi," akasema. "Nimekuja kukuimbia wimbo wa baba yako. Ghala limejaa."

Kijino akamtazama. Akatoa karanga tatu mdomoni, moja, mbili, tatu, akazipanga chini zisipotee, ili apate nafasi ya kusema.

"Langu bado, mama," akasema. "Ghala likijaa."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa akakitunza vizuri. Kisha akazirudisha karanga zake shavuni, moja, mbili, tatu, akamgusa mama yake kichwani kwa pua, akatoka kwenda kuokota.

Mama Kijino alikaa ndani peke yake. Juu yake ghala lilikuwa limejaa. Aliimba swali, akangoja kidogo, halafu akajijibu mwenyewe, kwa sababu swali lile lazima lijibiwe na mtu:

"Tupo wawili, mahali pako papo."

Alijuta. Sina neno jingine la kusema hapo, na sitalitafuta. Hakujutia karanga, mtoto ilibidi ale. Alizijutia zile kokoto kumi na mbili.

Basi, hadithi yangu imesimama, inataka kwenda.

— Imeacha nini?

Imeacha funzo, na funzo lenyewe ni jepesi. Ukijikuta unalea peke yako, jaza mashavu yote mawili, wala usifungue mdomo mpaka ghala lijae. Mtoto akikuuliza wimbo, mpe karanga. Wimbo haumshibishi mtu, na mtoto anayezungumziwa sana huwa anapoteza muda wa watu kwa maswali. Ndilo funzo, msinitazame hivyo. Mimi mwenyewe nililifuata. Niliuza vitumbua asubuhi na karanga jioni, wanangu wamesoma wote wawili, na kila mwisho wa mwezi wananitumia matumizi bila kukosa hata siku moja. Nikipiga simu wanapokea vizuri. Wanasema, "Mh, mama, niko kazini."

Hadithi yangu inatoka mlangoni.

— Iende salama.

Imeshiba?

— Imeshiba, imetuachia maganda.

Haya, kusanyeni hayo maganda, na hizo zilizomenywa zitieni kwenye ungo. Nkwimba, tema hizo ulizonazo mdomoni. Mwanao anakuita huko nje, mara ya tatu sasa. Mjibu.